Ukuta Unaopeleka Neno

Maskati, 3 Februari 1968

Mwanangu Kheiria,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nimekaa uani, chai iko pembeni, na Shangazi yako Mahbuba ananichungulia begani kama kwamba anajua kusoma. Anasema nikuambie jino limeshang'olewa, sasa hana sababu ya kununa. Mimi nasema sababu atapata. Sisi wazima, alhamdulillahi. Kuku mweupe ametotoa. Kisima cha karibu kimeingia chumvi, maji tunaletewa na punda. Kwengine hakuna jipya. Mji huu, mwanangu, hata jipya likija usiku likakuta lango la mji limeshafungwa, hulala nje mpaka asubuhi.

Baba yako kikohozi hakijamwacha, lakini usitie moyoni, ni baridi ya msimu huu. Anakula. Jana kala mkate wa kumimina vipande viwili, na cha tatu kakiiba nikimwona.

Sasa la maana. Umeandika kwamba mwezi wa nne utapewa siku chache za mapumziko, na yule shoga yako wa Kiailandi, Noreen, anataka mwende London mkatembee, na wewe umemkatalia ili usomee mtihani wako wa uuguzi. Mimi nilifurahi. Nikasema mtoto ana akili. London pakubwa, magari mengi, watu hawajuani, mtu akipotea hata mama yake hajui aanzie wapi kulia. Basi nikamsomea baba yako. Si kakaa kitako kitandani! Akasema, "Ati nini? Miaka mitano yuko nchi ile na London hajaitembea? Mwambie aende! Mtihani utasubiri, kuba halisubiri."

Nikamwambia, "Kuba liko pale toka enzi za babu zao, litakimbilia wapi?"

Akanisogezea kalamu.

Kuba lenyewe unalijua, umelala na kisa chake utoto wako wote. Alipokuwa baharia wa meli ya moshi, kabla ya vita, meli ilitia nanga London, wakapewa ruhusa ya kushuka. Yeye na baharia mwenziwe, Marhoon, wakaingia kwenye lile kanisa kubwa, wakapanda ngazi mpaka magoti yakalia. Kule juu, ndani ya kuba, pana ujia wa duara. Ukiweka mdomo ukutani ukanong'ona, mtu aliyeko upande wa pili, mbali, akiweka sikio anakusikia kama umo ndani ya kanzu yake. Baba yako akanong'ona, Marhoon akasikia, akamcheka njia nzima mpaka Unguja. Marhoon, Mungu ndiye ajuaye alipo leo, aliapa kwamba kasikia "Mahfoudha", jina langu mimi, na posa wakati huo haijaletwa. Baba yako anasema alisema "Bismillahi". Miaka thelathini namuuliza, ananijibu, "Kaulize ukuta."

Sasa anataka uende. Uwaone simba wa shaba, uone daraja linalonyanyuka meli ikipita, kisha upande kwenye kuba, umletee habari zote. Anasema zake zimeanza kumfutika.

Basi nenda, mwanangu. Lakini mshike mkono huyo Noreen. Nyama yao usile, kula samaki. Fulana mbili, si moja. Na mtu akikuchekea njiani bila ya sababu, vuka upande wa pili wa barabara.

Barua hii nimeifukiza udi kama kawaida yangu. Baba yako hapa ananicheka, anasema naipeleka karatasi harusini. Mwache acheke. Ukiifungua iweke puani kwanza, ndipo unisome.

Mama yako


Portsmouth, 12 Machi 1968

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Baba shikamoo, na Shangazi Mahbuba nambusu lile shavu lisilo jino. Barua yako ilifika Ijumaa. Nilipoifungua Noreen alisimama mlangoni, akauliza nani kaja na manukato. Nimeiweka chini ya mto, na mto sasa unanukia nyumbani.

Iddi imenikuta kazini. Nilitandika vitanda, nikamlisha uji bibi mmoja wa Kizungu aliyeniita kwa jina la binti yake siku nzima. Nikaitika. Ndiyo Iddi yangu hiyo.

Nitakwenda London, Mama. Mwambie Baba nimekubali, na asiseme sikusikia la mkubwa. Tutaondoka hapa kwa treni wakati wa Pasaka yao na tutalala kwenye hosteli ya wanawake, kwa hivyo wewe lala usingizi. Nitamletea kila kitu, simba na daraja na kuba.

Sasa na mimi nna langu. Kikohozi cha Baba. Nijibu kama muuguzi, si kama mama anayemficha mtoto. Anatoka jasho usiku? Makohozi yana rangi gani? Nguo zinampwaya? Amekwenda spitali ya Matrah, au bado anakunywa zaatari na asali tu?

Jambo jengine linanisumbua. Nikifumba macho kukuoneni, nakuoneni kwenye nyumba yetu ya Malindi, Unguja, Baba kwenye kiti chake karibu na dirisha la kijani. Kisha nakumbuka kwamba nyumba ile si yetu tena tangu mapinduzi, kwamba mnakaa mahali ambapo mimi sijapaona. Hebu niandikie kitanda cha Baba kiko wapi. Nipate pa kumweka.

Mwanao, Kheiria


Maskati, 2 Aprili 1968

Mwanangu Kheiria,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na salamu zako zote zimefika. Mimi mzima. Shangazi yako mzima, amehamishia godoro lake chumbani kwangu, anakoroma, lakini namshukuru. Wiki iliyopita tulikuwa na wageni wengi, mpaka mikeka tumeazima. Wamekuja watu wa Qantab, wamekuja mpaka wa Yiti, kwa punda, na mimi nilidhani hawatujui sie wa kuja. Kuku mweupe na watoto wake wamekwenda kwenye sufuria.

Umeniuliza kikohozi. Nakwambia kweli, mwanangu, mbele ya Mungu, hakimsumbui tena.

Kitanda kiko chumba cha kuingilia mkono wa kulia, kimegusa ukuta, ukuta umepakwa chokaa. Juu pana kidirisha kidogo, jua la alasiri linaingilia hapo. Muweke hapo.

London nenda. Usiniletee habari kwamba umebadilisha shauri. Ndivyo alivyotaka, basi nenda, utazame vyote kwa macho mawili. Ukirudi usome, ufanye mtihani wako, uumalize. Na wazo la kuja huku usilifungulie mlango. Unajua mambo ya hapa, kuingia unaombewa ruhusa, na kutoka unaombewa ruhusa mbili na ya tatu haipatikani. Ukija hutoki tena, na kusoma kwako kote kutakuwa kumemwagika mchangani.

Sina maneno mengi leo. Mkono umechoka.

Vaa fulana mbili.

Mama yako


Portsmouth, 19 Aprili 1968

Mama yangu,

Shikamoo. Nimerudi juzi, miguu imevimba, na mimi mzima. Hakuna aliyenichekea njiani. Waingereza hawachekei mtu njiani, hilo usiogope tena.

Barua yako ilinifikia asubuhi ya kuondoka, nikaifungua ndani ya treni.

Sasa kaa vizuri, Mama, egemea mto, nikutembeze. Tumefika kituoni, watu wanakwenda mbio utasema kuna moto nyuma yao, na hakuna moto. Mwingereza hufanya haraka hivyo kwenda kununua gazeti. Noreen akasema tuingie kwenye treni ya chini ya ardhi. Hapo ndipo ungenishika mkono. Unasimama juu ya ngazi, na ngazi zenyewe zinashuka, zinakupeleka chini, chini, mpaka upepo wa chini unakupiga usoni, una harufu ya chuma na makaa. Treni inatoka ndani ya tundu kama panya buku. Nilisoma Ayatul Kursiy. Bwana mmoja mwenye kofia alinitazama midomo, nami nikaendelea.

Simba wapo. Wanne, weusi, wamelala na mikono wameinyoosha mbele kama paka walioshiba. Watoto wanawapanda migongoni. Nilimpanda mmoja, Mama, usinigombeze, nilivaa koti refu. Mwambie Baba mgongo wa simba ni baridi, na kwamba kwenye ukucha wa yule wa upande wa mtoni nimeweka mkono wangu, kwa sababu aliniambia pale ndipo yeye alipokaa akala ndizi, na polisi akamwambia aokote ganda. Ganda sikulikuta. Njiwa ni wengi kuliko watu. Mmoja alitua juu ya kichwa cha Noreen, akatukana Kiailandi.

Daraja tulilisubiri karibu asubuhi nzima, tumesimama kwenye manyunyu, na Noreen analalamika anataka chai. Tulipokata tamaa tu ikalia kengele, magari yakasimama, na njia yenyewe, lami na yote, ikakatika katikati ikanyanyuka juu kama mtu anayeomba dua. Ikapita meli moja chakavu, imebeba mbao. Meli ndogo hivyo, mji mzima umesimama kuisubiri. Nilipiga makofi. Mimi peke yangu.

Jioni tulipanda basi la ghorofa, tukakaa juu, mbele kabisa. Taa, Mama! Taa za madukani, za barabarani, taa zinazozima na kuwaka zenyewe kutangaza sabuni. Nikawafikiria nyinyi na kandili lenu, nikasema laiti ningechukua moja tu mfukoni.

Kuba tumelipanda. Lakini hilo sitoliandika leo. Nitaliandika peke yake.

Na neno moja tu nakuuliza. Barua yako niliiweka puani kwanza, kama ulivyonifundisha. Haikunukia. Udi umekwisha?

Mwanao, Kheiria


Maskati, 14 Mei 1968

Mwanangu Kheiria,

Assalaam alaykum. Joto limeingia. Mawe ya huku yanameza jua mchana kutwa, usiku yanakutapikia. Tumehamia kulala uani, Shangazi yako anasema akiota ameota yuko ndani ya tanuri.

Barua yako ya London nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nimeisoma kwa sauti, chumba cha mkono wa kulia, nimekaa chini karibu na kitanda, nimeisoma pole pole ili lisipotee hata neno. Palipokuja polisi na ganda la ndizi nilisoma mara mbili. Shangazi yako alisikiliza kutoka mlangoni. Akasema, "Muulize, hao wazungu hawana kazi? Mtu mzima anakwenda kumtazama simba wa shaba, na ng'ombe wa kweli nani anamkama?" Kisha dakika haikupita akaniambia, "Hebu rudia pale daraja linaponyanyuka."

Unaniuliza udi. Udi upo, umo ndani ya bweta lake. Makaa ndiyo sikuyawasha. Usiulize kila kitu, Kheiria. Wewe tokea mdogo ulikuwa unauliza mpaka chungu kinaungua.

Siku hizi sitoki. Jirani akinigongea naongea naye nyuma ya pazia. Mahbuba ndiye anayekwenda sokoni, anarudi na samaki amepigwa bei ya mwizi, na Kiarabu chake ndicho kile, muuza samaki akimsikia tu hujua ni wa Unguja, akapandisha. Mimi nakaa. Dirisha langu linaona ukuta wa jirani na kipande cha mlima. Kwa hivyo nakuomba, kama hukuchoka, nitembeze tena. Hukunieleza bustani. Hukuniambia wanawake wao wanavaa nini, na kweli wanakwenda sokoni peke yao? Maji yao ya mto yana rangi gani? Watu wazima wanakaa wapi wakichoka? Mimi mambo hayo zamani nilikuwa siyataki. Baba yako akisema London, mimi nasema muhogo unaungua. Mara nyengine alisema, "Mahfoudha, iko siku nitakupeleka," na mimi nikamjibu, "Nani atalisha kuku?" Hivyo ndivyo nilivyomjibu.

Na kuba bado. Unaliweka mpaka lini?

Mtihani wako ni mwezi ujao. Nakuombea kila sala. Ukiingia kwenye chumba cha mtihani tanguliza mguu wa kulia, na usimtazame mwenzio karatasi yake, unajijua wewe.

Mama yako


Portsmouth, 6 Julai 1968

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefaulu. Jina langu lilibandikwa ukutani jana. Nimepewa mshipi wenye kifungo cha fedha, na kuanzia mwezi ujao nitaitwa muuguzi, si mwanafunzi. Noreen kafaulu pia, kalia, kisha kalala.

Mtihani umekwisha. Kwa hivyo, Mama, huna tena haja ya kunificha, na mimi sina haja ya kujifanya sijui.

Nilijua ndani ya treni. Wewe barua zako zote umezifukiza. Ile uliyonigombeza nilipokata nywele, uliifukiza. Ile uliyoandika kutoka Dar es Salaam mwaka ule, mmelala sakafuni kwenye nyumba ya watu, nayo ilinukia, na mpaka leo sijui makaa uliyapata wapi. Mwanamke wa kwetu chetezo chake cha udi anakiweka juu ya kabati kwa jambo moja tu. Niliiweka barua puani, nikasikia karatasi, basi. Nikasoma kwamba kikohozi hakimsumbui tena. Nikajua baba yangu amekufa na mama yangu yumo ndani ya eda, hagusi manukato.

Nilitaka kushuka kituo kinachofuata. Nilishasimama, begi liko mkononi. Noreen akaniuliza nakwenda wapi. Nilitaka kuja huko, na huko treni haifiki. Nikakaa. Nikaisoma tena pale uliposema ndivyo alivyotaka. Basi nikaenda, nikatazama kwa macho mawili.

Nilipoandika "mwambie Baba" nilijua. Niliandika kwa sababu uliniwekea yeye pale kitandani, karibu na ukuta, na sikuwa na moyo wa kumwondoa. Na niliandika kwa ajili yako. Nilijua umekaa ndani, dirisha linaona ukuta, na miezi ni mingi. Sikuweza kukukandia mkono. Sikuweza kukuletea hata gilasi ya maji. Nikasema, basi mama yangu nitamtembeza. Daraja nililisubiri asubuhi ile yote kwa ajili yako, Mama. Baba alishaliona.

Maji ya mto ni kahawia, kama chai ya maziwa iliyokaa. Wanawake wao wanakwenda sokoni peke yao, na wakichoka wanakaa kwenye mabenchi ya bustani, na kila benchi lina jina la mtu aliyekufa ambaye alikuwa akipapenda pale.

Sasa kuba. Ngazi zinazunguka, zinazunguka, mpaka hujui umepanda au umelewa. Juu pana ule ujia wa duara, na ukitazama chini watu ni punje za mchele. Pana baraza ya kukalia, imezunguka ukuta wote. Noreen nikamwambia azunguke mpaka upande wa pili, aweke sikio. Alikuwa mdogo kule, nikimwona koti lake jekundu tu. Nikaweka mdomo ukutani. Ukuta ni laini, Mama, umelainishwa na mashavu ya watu. Sikujua Baba aliweka wapi lake, nikafikiri labda ni hapa.

Nikanong'ona, kwa Kiswahili chetu. Nikasema, "Baba, nimefika. Mungu akurehemu. Mama usimhofie. Mama yupo, na mimi nipo."

Noreen akaja mbio, macho yake yameloa, na mimi sikuwa nimemwambia habari yoyote. Akaniambia, "Sikufahamu kitu. Ila ulimwita mama yako mara mbili."

Nikamwambia ndiyo.

Nisamehe kwamba nilinyamaza. Nilikufikiria wewe unavyojikaza kila barua, nikaona nikikuonyesha kwamba najua, nitakuwa nimekunyang'anya kazi aliyokuachia. Nililia peke yangu, chumba cha kufulia, mashine zinapiga kelele hapasikiki kitu. Nimemsomea Yasini kila Alhamisi.

Hebu sasa niambie. Niambie alikwendaje.

Mwanao, Kheiria


Maskati, 4 Agosti 1968

Kheiria mwanangu, roho yangu,

Assalaam alaykum. Umeinusa? Kama hukuinusa, rudi, inuse, nakusubiri.

Nimetoka eda wiki hii. Mahbuba kanikogesha kama mtoto, kanitia hina kwa nguvu, mimi nasema sitaki, yeye anasema, "Nyoosha mkono, mjane wee, usinichoshe." Kisha kaniletea chetezo. Kakifuta vumbi kwa upande wa kanga yake. Nilipotia udi kwenye makaa, moshi wa mwanzo uliponipiga, nililia mpaka nikakohoa. Yeye kasimama tu na kawa mkononi ananipepea. Hakusema kitu. Mahbuba, hakusema kitu! Naye ni kaka yake aliyekufa, tena wa pekee.

Barua yako imenipiga na imeninyanyua. Kumbe tulikuwa watu wawili tunashikilia mlango mmoja, mimi kwa ndani wewe kwa nje, kila mmoja anaogopa mwenzake asiingie. Sina la kukusamehe. Na kufaulu kwako nimekutangaza mtaa mzima, mpaka wasiojua muuguzi ni nini wameniletea halua.

Unataka kujua alikwendaje. Nitakuambia kama lilivyo.

Tulimpeleka Matrah, wakatupa dawa, na wakatupa na macho yale ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Alirudi, akawa anapungua. Akaniambia, "Kheiria asijue mpaka amalize. Atakuja, na akija watamfungia asitoke tena." Nikamwambia hufi wewe, acha maneno. Akasema, "Vyema, sifi. Lakini asijue."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya alasiri. Jua limeingia kwenye kile kidirisha. Sauti ilikuwa imeshamtoka tangu asubuhi, anasema kwa midomo tu. Mimi nimekaa chini, upande wa kichwa chake, nimeegemea ukuta. Akageuza uso ukutani. Nikadhani anataka kulala. Akagonga ukuta kwa kidole, hivi, mara moja, akanitazama. Sikufahamu. Akagonga tena, akajigusa sikio.

Nikafahamu, mwanangu. Anataka niweke sikio.

Nikaweka. Yeye akaweka mdomo upande wake, pale karibu na mto, nikaona bega lake linakwenda. Kasema kitu. Si kitu kirefu, neno moja au mawili. Lakini kuta za huku ni udongo na chokaa, hazipeleki. Nilisikia mbuzi wa jirani, na nilisikia moyo wangu. Yeye akageuka, ananitazama, macho yake yananiuliza, umesikia?

Nikamwambia, "Nimesikia, Thabit."

Akacheka. Kile kicheko chake cha kunidhihaki, hakina sauti lakini kile kile. Na angali anacheka ndipo alipofumba macho, na hakufumbua tena.

Sikusikia kitu, Kheiria. Mahbuba sijamwambia, nakuambia wewe. Nimekaa eda yangu yote ndani ya chumba kile, kila siku jua likiingia kwenye kidirisha naweka sikio pale pale, nasema labda limechelewa njiani, kama barua zetu. Ukuta kimya. Wewe ulipoandika kwamba Noreen alisikia mpaka neno mama, na lugha haijui, nilikaa kitako kwenye mkeka, nikasema, basi kumbe kule linapelekwa kweli. Nilikuwa sisadiki. Miaka yote nilifikiri ni porojo za mabaharia.

Sasa nna haja moja, na ukiona ni upuuzi wa mama, nicheke, lakini nifanyie. Ukipata nafasi nyengine, rudi London. Simba wameshaonekana, daraja limeshaonekana, hayo waachie wenyewe. Panda kwenye kuba. Noreen mwache chini anywe chai yake. Wewe zunguka mpaka upande ule aliokaa Marhoon, uweke sikio ukutani, na usiseme kitu. Kaa tu. Usifanye haraka kama hao wanaokimbilia magazeti.

Ukisikia "Bismillahi", niandikie ni Bismillahi, sitokasirika, ni neno la kheri na alikufa nalo.

Na ukisikia jengine, mwanangu, niandikie upesi.

Mama yako, Mahfoudha